Rangi Iliyobanduka Munje

Aliyeanza kutusoma leo asihangaike, nitamweleza kwa ufupi. Iddi wa Matano, mnunuzi wa mbata katika kijiji cha Munje, amekwisha kupatwa na mengi. Upepo uliezua ghala lake, mbata ikalowa ikaoza, na mshirika wake akahamia Tanga bila hata kuaga. Kilichomuumiza zaidi ni kwamba watu walianza kumhurumia. Iddi ni mtu ambaye afadhali umtukane kuliko umwonee huruma.

Basi juma lililopita tulimwona akipanda hadi Taru kuitafuta heshima yake, na akarudi nayo ikiwa na magurudumu manne.

Gari lilikuwa mikononi mwa Randu, dereva wa mzungu mmoja wa mashamba ya mkonge. Mzungu alirudi kwao mwaka wa pili wa uhuru, akamwachia dereva wake gari kama mkono wa kwaheri. Lilikuwa la milango minne, rangi ya krimu, linang'aa hata ungeweza kujichania nywele mbele yake. Randu alisema halijawahi kuguswa na nyundo. Iddi akaamini, au tuseme alitaka kuamini, na hapo ndipo ilipo aibu aliyonitaka niiandike bila kumsitiri. Ni yeye mwenyewe aliyenisimulia, uso ameuelekeza chini mwanzo hadi mwisho.

Nianze na uongo wake wa zamani, maana huu wa juzi ni mtoto wa ule.

Miaka ya vita Iddi alikuwa Mombasa. Aliporudi Munje aliwaambia watu kwamba alikuwa dereva na fundi wa magari ya jeshi, mtu wa kufungua injini na kuifunga tena macho yamefumbwa. Kweli ni kwamba alikuwa taniboi. Alikaa nyuma ya lori juu ya magunia, akashuka kuweka jiwe chini ya gurudumu, akapanda tena. Kuendesha alikuja kujifunza baadaye, hilo hatumnyimi. Lakini mambo ya bati, rangi na nyundo aliyajua kiasi nijuacho mimi kushona kanzu, yaani hakuna.

Kwa miaka ishirini Munje walimwita Fundi, naye akaitika.

Ndiyo maana Fondo alipojitolea kwenda naye Taru kulikagua gari, Iddi alimwambia asijisumbue. Fondo ni fundi wa kweli, ana gereji yake ndogo pale Kombani, na ni rafiki wa nyumba ile tangu zamani. Lakini Iddi angewezaje kuandamana na fundi, naye ndiye Fundi?

Na gari lenyewe hakulitaka kwa starehe. Kaka yake, Abdurahman, alifariki mwaka wa Madaraka, akaacha mjane, Biasha, na binti mmoja, Mwanapili. Marehemu alikuwa akitembea kando ya barabara pale Kombani, asubuhi na mapema, mti wa mzega wenye madafu begani, gari likampitia ubavuni. Halikusimama. Fondo alikuwa anafungua gereji yake, akaliona mgongo tu likipotea. Lilikuwa gari la kijani.

Pale lilipompata, Fondo aliokota pete ya taa, ile duara ya chuma inayozunguka kioo cha taa ya mbele. Askari waliitazama, wakaandika, na baada ya miezi wakamrudishia Biasha pamoja na kofia ya marehemu. Mwenye gari hakupatikana.

Iddi akamlea Mwanapili. Msichana alipopata mchumba, mwalimu wa shule kutoka Msambweni, Iddi aliapa mbele ya watu kwamba binti wa kaka yake hatakwenda kwa mumewe kwa gari la kuazima. Atatoka katika gari la nyumbani kwao. Hilo ndilo lililompeleka Taru. Nia yake ilikuwa njema kabisa, na mpaka leo akifika hapo katika kusimulia, hutafuta maji ya kunywa.

Sasa twende kwenye siku ya Alhamisi, siku moja kabla ya harusi.

Pale Munje kila chombo kitakachoingia harusini husuguliwa na wanawake wa upande wa baba. Sinia, sufuria, birika, hata miguu ya kitanda. Husugua kwa mchanga wa pwani na makumbi ya nazi, huku wakiimba, na hiyo ndiyo radhi yao kwa bi harusi. Mwanamume hawazuii, kwa sababu kuwazuia ni kusema kwamba chombo kile hakistahili.

Bi Mejumaa, mamake Iddi, alilizunguka gari mara mbili akasema hiki nacho ni chombo.

Fundi wa kweli angeruka kutoka barazani bila viatu. Iddi alikaa palepale, mguu juu ya mguu, akaona fahari. Wanawake saba wameliinamia gari lake, maji yanamwagwa, nyimbo zinapanda. Moyoni alijiuliza kidogo kama mchanga na rangi vinapatana. Jibu hakulijua, na kuuliza si katika tabia zake.

Ghafla wimbo ukakatika.

Alipofika aliona mama yake ameshika makumbi, na kwenye makumbi kumenata kitu kama ngozi. Rangi ya krimu ya madigadi ya mbele, lile bati la juu ya gurudumu, upande wa kushoto, ilikuwa imebanduka kipande kizima kama ganda la muhogo uliochemshwa. Chini yake palikuwa na rangi ya kijani. Na katikati ya kijani palikuwa na kitu cha kijivu kinachomong'onyoka, puti ya kuzibia bati lililobonyea. Bi Mejumaa alikigusa kwa kidole, kikaanguka chini vipande vipande, pakabaki bonde la kuingia ngumi mbili.

"Iddi mwanangu," alisema, "gari lako lina kidonda."

Mwanamke mmoja, mtani wa Iddi, akasema Fundi ameuziwa chungu kilichozibwa nyufa. Wakacheka. Wanaume waliokuwa dukani wakasikia kicheko wakaja kuona, nao wakacheka. Si kicheko kibaya, ni kile cha nyumbani, ambacho kesho yake mtu humpa aliyecheka kahawa.

Hapo Iddi alikuwa na njia nyepesi. Angesema amepunjwa. Watu wazuri wengi tu wamepunjwa, na Munje wangemtania juma moja wakachoka. Lakini katika kile kicheko alilisikia lile neno, Fundi, likitamkwa kwa namna ambayo halijawahi kutamkwa. Akaona miaka yake ishirini inabanduka pamoja na rangi.

"Nilijua," alisema. "Mimi ndiye niliyemwagiza Randu. Lilikuwa la kijani na limebonyea, nikamwambia alizibe, alipake krimu, kwani kijani hakimfai bi harusi. Nanyi mmekuja na mchanga wenu kuniharibia kazi."

Uongo ulikaa vizuri mno. Kicheko kikafa palepale. Wanaume wakatikisa vichwa, wakasema kumbe, Fundi ni Fundi. Wanawake wakaomba radhi mmoja mmoja. Bi Mejumaa alijilaumu mpaka machozi yakamtoka, akisema uzee umemtia ujinga, amemharibia mwanawe kazi siku moja kabla ya harusi.

Iddi alimwacha alie. Hilo aliniambia mara mbili, kana kwamba mara ya kwanza sikusikia.

Na lipo lingine, la ndani zaidi, ambalo siku ile hakuna aliyelijua ila yeye. Kule Taru, alipofungua buti la gari, mpira wa ukingoni ulikuwa umelegea. Chini ya mpira aliuona mstari wa kijani, mwembamba kama uzi. Alitaka kuuliza. Lakini kando yao walisimama wauza mbuzi watatu wanatazama biashara, watu asiowajua na ambao hatawaona tena maishani. Akafikiri watasema, huyu naye hajui magari. Basi akaubonyeza mpira kwa kidole gumba, ukarudi mahali pake, akafunga buti, akasema gari ni safi.

Aliubonyeza yeye mwenyewe, kwa kidole chake. Alinionyesha kidole chenyewe.

Turudi uani. Biasha alikuwa ndani na bi harusi tangu asubuhi. Aliposikia zogo alitoka, akasimama mbele ya ile madigadi. Kisha akauliza kwa upole kama ni kweli kwamba shemeji yake ndiye aliyeagiza rangi ibadilishwe. Watu kumi walimjibu kwa pamoja kwamba ndiye.

Akavua leso yake ya mabegani, akaitandaza juu ya madigadi, akaingiza pindo lake chini ya boneti.

"Funga boneti, shemeji," alisema. "Lisionekane mpaka kesho."

Iddi akafunga, na moyo wake ukajaa shukrani. Jioni alimwambia mkewe kwamba hapa duniani hakuna shemeji kama Biasha, mwanamke anayejua kumsitiri mtu.

Ijumaa ikafika. Nikaha ilisomwa Msambweni baada ya swala ya Ijumaa, na Iddi ndiye aliyekuwa walii. Baba wa msichana hayupo, babu hayupo, ndugu wa kiume hana, hivyo haki ile ilikuwa yake peke yake. Alimshika mwalimu mkono akamwoza Mwanapili binti Abdurahman. Alipolitaja jina la kaka yake sauti ilimtetemeka, na watu wakadhani ni furaha. Ilikuwa furaha kweli. Aliniambia hiyo ndiyo saa yake ya mwisho ya furaha.

Walirudi Munje yeye na Fondo, aliyekuja kutoka Kombani na kanzu yake ya sikukuu. Iddi alidhani amealikwa kama walivyoalikwa wengine. Hakujua kwamba alfajiri ile Biasha alikuwa amemtumia mtu maalumu kumwambia asikose.

Biasha alikuwa anawangoja uani. Akamwamkia Fondo, akamuuliza hali ya nyumbani kwake, watoto, kazi, kisha akamwomba atazame chini ya leso. Iddi akacheka, akasema mgeni amekuja kula pilau, ya nini kumchafua mikono. Fondo alikwisha kuinua pindo.

Fondo si msemaji. Alichuchumaa na kanzu yake ileile, akapitisha kidole katika bonde la bati. Akatazama taa ya kushoto. Akaenda kutazama ya kulia, akarudi kwa ya kushoto. Mwishowe akasema pete ya taa hii si ya gari hili, imetolewa kwingine ikalazimishwa.

Biasha akaingia ndani. Alirudi na kitambaa cheupe kilichofungwa fundo, akakifungua juu ya boneti. Ilikuwa ile pete, iliyokaa katika sanduku lake miaka miwili pamoja na kofia ya mumewe.

Fondo akaiweka juu ya pete ya taa ya kulia. Zilikuwa pacha, hata kale kaukucha ka chini. Akaomba bisibisi, akaing'oa ile ya kushoto iliyolazimishwa, akaipachika ya Biasha. Ikaingia yenyewe na kutulia.

Iddi akasema magari ya namna hii ni mengi. Alilisema kwa sauti ambayo hata yeye haikumshawishi.

"Ni mengi," Biasha akamjibu. "Na ya kijani ni mengi. Yaliyobonyea kushoto pia ni mengi. Lakini lililozibwa na kufichwa kwa amri ya ndugu wa marehemu, shemeji, hilo ni lako tu."

Hapo ndipo Iddi alipoona uongo wake umemfikisha wapi. Akishikilia kwamba alijua, basi ameipaka krimu damu ya kaka yake, akataka kumpandisha binti wa marehemu juu yake. Akisema hakujua, itambidi aung'oe uongo wa jana, na akiung'oa huo utatoka na ule wa miaka ishirini, kwani mzizi wao ni mmoja.

Nampa haki yake, aliung'oa. Alisema mbele ya Fondo, mbele ya majirani waliokuwa wakitandika mikeka, na mbele ya mama yake aliyesimama mlangoni na chetezo cha udi mkononi. Alisema hakumwagiza Randu chochote. Alisema aliongopa ili asichekwe. Alisema hajawahi kuwa fundi wala dereva wa jeshi, alikuwa taniboi wa kuweka mawe chini ya magurudumu, na gari akilitazama huona rangi yake tu kama anavyoiona mtoto.

Watu waliacha mikeka. Hakuna aliyecheka safari hii, na Iddi aliniambia angetoa kila alichobakiwa nacho ili wacheke.

"Kwa hiyo jana," Bi Mejumaa alisema taratibu, "nilipokuwa nalia kwamba nimekuharibia kazi, ulikuwa unanitazama tu."

"Ndiyo, mama."

Bi Mejumaa akaingia ndani na chetezo chake. Udi uliokusudiwa kulifukiza gari ukabaki humo ndani.

Biasha hakuwa amemaliza. Alimsogelea shemeji yake karibu, akapunguza sauti, na hakukuwa na ukali ndani yake, jambo lililomtisha Iddi kuliko ukali.

"Jana ulisema ulijua. Leo unasema hukujua. Sijui nikuamini siku gani," alisema. "Basi nitakuuliza dogo tu. Siku ulipolinunua, hukuona kitu?"

Iddi angeweza kusema la. Munje nzima hakuna aliyekuwa Taru. Wale wauza mbuzi wamekwenda na mbuzi wao, Randu hakumwona akibonyeza, na mpira ulikuwa umekaa mahali pake. Neno moja fupi lingemtoa, angebaki mjinga aliyepunjwa, na mjinga husamehewa. Aliniambia neno lilikwisha kufika kwenye meno.

"Niliona," alisema. "Niliona kijani chini ya mpira wa buti. Nikaufunika kwa mkono wangu, nikanyamaza."

Biasha alimtazama, kisha akaitazama leso yake.

"Ulidhani jana nilikusitiri wewe," alisema. "Nilitaka mwanangu aozwe kwanza. Walii wake ni wewe, sina wa kumpa mwingine, na nilijua tukilizungumza jana harusi haitakuwepo. Sasa ameozwa."

Akaivuta leso kutoka chini ya boneti. Akaikung'uta mchanga, akaikunja mara nne, akaiweka kwapani. Kijani na bonde lake vikabaki wazi juani.

Kutoka njia ya Msambweni vigelegele vilianza kusikika, na ngoma ya chapuo kwa mbali. Upande wa bwana harusi walikuwa wanakuja kumchukua bi harusi wao. Iddi akaanza kuahidi mambo kwa haraka. Atakwenda kwa askari. Atapanda hadi Taru amkamate Randu aseme jina la yule mzungu. Fondo atatafuta gari jingine sasa hivi, hata lori. Biasha alimwacha amalize yote.

"Hayo ni yako," alisema. "Lakini Mwanapili atauliza kwa nini hapandi gari alilosuguliwa na shangazi zake, na mwenye kumjibu ni wewe. Mimi nilimwambia mara moja kwamba baba yake amekufa. Sitamwambia mara ya pili."

Mlango wa nyumba ukafunguliwa.

Mwanapili alitoka katikati ya shangazi wawili, amefukizwa, hina imekolea mikononi, na asmini zimemjaa kifuani. Alikuwa ndani tangu jana na hakuna aliyemwambia kitu. Tangu utotoni alikuwa akimwita Iddi ami, hata baada ya msiba, kwa sababu alikuwa na baba yake na hakutaka mwingine. Siku ile alisimama kizingitini, akamtafuta kwa macho katikati ya watu, akamwona amesimama kando ya gari na funguo mkononi.

"Baba," alimwita, "niko tayari."